Orville Wright: Fundi Baiskeli Aliyejua Kusikiliza Kilicholegea

Msikilizaji, kama una baiskeli nyumbani, sauti hii unaijua. Unapanda kilima na gunia la mahindi nyuma, na kila mguu wa kushoto unapokanyaga, pale chini kwenye pedeli panalia: tok. Mguu unazunguka tena: tok. Kwenye tambarare kunanyamaza. Kilima kikianza, sauti inarudi. Wengi wetu tunakanyaga tu, tunasema tukifika tutaangalia. Tukifika, tunasahau.

Mimi nilisahau hivyo nikiwa kidato cha pili. Mkono wa pedeli, yaani kile chuma kinachobeba pedeli na kuizungusha, ulikuwa ukicheza kwa muda wa wiki tatu. Fundi mmoja aliikaza nati, nikaondoka nimefurahi. Siku mbili baadaye ukalegea tena. Ukakazwa tena. Mwishowe ulichomoka njiani asubuhi ya mtihani, nikasukuma baiskeli mpaka shuleni, nikafika wenzangu wako swali la tano.

Wasikilizaji kadhaa wametuandikia wakiuliza namna ya kujua ni kitu gani hasa kimelegea pale katikati ya baiskeli. Nimeona nijibu kwa kuwasimulia maisha ya mtu ambaye dunia inamkumbuka kwa ndege, lakini kazi iliyomlisha ilikuwa kutengeneza baiskeli. Huyo ni Orville Wright wa Marekani.

Mtoto wa mama mwenye mikono ya ufundi

Orville alizaliwa tarehe 19 Agosti 1871 katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio. Baba yake, Milton Wright, alikuwa askofu wa kanisa na alisafiri sana. Mama yake, Susan, alikuwa binti wa mtengeneza magari ya kukokotwa na farasi, na alikulia karibu na karakana ya baba yake. Nyumbani kwa akina Wright, kitu kilipoharibika watoto walimkimbilia mama. Ndiye aliyejua kushika zana.

Mwaka 1878 baba alirudi safarini na zawadi: kichezeo kidogo kilichoruka kwa nguvu ya mpira uliosokotwa. Orville alikuwa na miaka 7, na kaka yake Wilbur alikuwa na miaka 11. Walikirusha mpaka kikaharibika, kisha wakajaribu kutengeneza vingine wenyewe.

Susan alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1889. Wakati huo Orville alikuwa ameshaanza kazi ya uchapaji kwa mashine aliyoiunda mwenyewe, na mwaka huohuo alianza kutoa gazeti dogo la mtaani. Hakumaliza masomo ya sekondari. Wilbur naye hakupata cheti cha sekondari. Chuo kikuu hakuna aliyeingia kati yao.

Duka la baiskeli

Miaka ya 1890 baiskeli ilikuwa kitu kipya kilichowapagawisha watu wa Marekani. Baiskeli za zamani zenye gurudumu moja kubwa mbele zilikuwa zikiondoka, na zikiingia hizi zenye magurudumu mawili sawa, mnyororo, na pedeli katikati. Umbo hilo ndilo la baiskeli iliyoegeshwa hapo kwako leo.

Mwaka 1892 Orville alinunua baiskeli mpya. Wilbur alinunua iliyotumika, mnadani. Walikuwa mafundi wazuri, na punde marafiki wakaanza kuwaletea za kwao zitengenezwe. Mwaka huohuo ndugu hao wakafungua duka la kuuza, kukodisha na kutengeneza baiskeli. Mwaka 1896 wakaanza kuunda za kwao, na ile bora waliiita Van Cleve.

Hawakuwa kiwanda kikubwa. Waliunda baiskeli chache, kwa mikono. Kitovu cha gurudumu walikitengeneza kwa namna yao, kiweze kujilainisha kwa mafuta na kuzuia vumbi. Barabara za wakati ule zilikuwa za udongo, na anayeendesha barabara ya udongo hahitaji kuambiwa vumbi linafanya nini kwenye gololi.

Pedeli isiyofunguka yenyewe

Mwaka 1900 ndugu hao walitangaza pedeli ambazo hazifunguki zenyewe. Tatizo lilikuwa hili. Pedeli hufungwa kwenye mkono wake kwa nyuzi, kama skrubu. Nyuzi za pande zote mbili zikielekea upande mmoja, mwendo wa miguu hukaza pedeli moja na kuilegeza nyingine. Unaenda, unaenda, kisha pedeli ya upande mmoja inaanguka barabarani.

Akina Wright waliweka nyuzi za kawaida kwenye pedeli ya kulia, na nyuzi za kinyume kwenye pedeli ya kushoto. Kukanyaga kwenyewe kukawa kunazikaza zote mbili. Sisemi kwamba ndio waliokuwa wa kwanza duniani kulifikiria jambo hilo. Ninachosema ni kwamba hawakumwambia mteja akaze zaidi. Walijiuliza ni nguvu gani inayofungua, kisha wakaigeuza nguvu hiyo iwafanyie kazi.

Baiskeli yako ina nyuzi hizohizo. Ukitaka kufungua pedeli ya kushoto, zungusha spana kuelekea unakozunguka mshale wa saa. Ukiizungusha kama nati ya kawaida unazidi kuikaza, na wengi wameharibu nyuzi hapo.

Kujua kilicholegea

Tukae kidogo hapohapo dukani, kwa sababu hapa ndipo yanapojibiwa maswali ya wasikilizaji. Pale katikati ya baiskeli kuna vitu vitatu vinavyoweza kucheza, na mguu hauwezi kuvitofautisha. Mkono ndio unaoweza.

Kwanza ni pedeli yenyewe. Ishike kwa vidole uitikise, huku mkono wake umeushikilia kwa nguvu usisogee. Kama pedeli peke yake ndiyo inayotikisika, ugonjwa uko kwenye pedeli: gololi zake zimelika, au imelegea kwenye nyuzi.

Pili ni mkono wa pedeli. Kwenye baiskeli nyingi za vijijini mkono huu unashikwa kwenye ekseli kwa pini ya chuma iliyochongwa upande mmoja, yenye nati ndogo mwishoni. Weka mikono yote miwili ilale sawa na ardhi, mmoja mbele na mwingine nyuma, halafu simama juu ya pedeli zote ukiegemea ukuta. Kisha zungusha nusu mzunguko, wa nyuma uwe mbele, usimame tena. Ukihisi mmoja unashuka kidogo na kugonga, pini yake imelegea au imelika.

Tatu ni ekseli na gololi zake, zilizomo ndani ya bomba fupi la fremu. Shika mkono mmoja wa pedeli, usukume kuelekea kwenye fremu na kuuvuta nje, huku unatazama ule wa upande wa pili. Kama yote miwili inasogea pamoja, pini hazina kosa. Ekseli ndiyo inayocheza ndani ya vikombe vya gololi. Kama unasogea mmoja tu na mwenzake umetulia, rudi kwenye pini ya huo unaosogea.

Kila kimoja kina dawa yake. Ekseli inayocheza hukazwa kwa kikombe cha upande wa kushoto na pete yake ya kufungia, mpaka izunguke laini bila kutikisika. Ikikwaruza hata baada ya hapo, ifunguliwe: gololi au vikombe vimelika. Pini iliyolegea hugongwa kwa nyundo kwanza, na chini ya mkono wa pedeli kumewekwa chuma kizito cha kuegemea, ndipo nati ikazwe. Nati ile haikuwekwa ili kuvuta pini. Kazi yake ni kuizuia isirudi nyuma. Anayekaza nati peke yake anakata nyuzi tu. Na kama pini imelika, hakuna kukaza kutakakosaidia, nunua mpya.

Hapo ndipo fundi wangu wa zamani alipokosea, na mimi pamoja naye. Tulikuwa tukitibu nati, kumbe mgonjwa alikuwa pini.

Gurudumu la meno lililokataa kukazika

Mwaka 1896 Orville aliugua homa ya matumbo, akakaribia kufa. Mwaka huohuo, huko Ujerumani, Otto Lilienthal, mtu aliyekuwa akiruka kwa mabawa yasiyo na injini, alianguka akafa. Habari hizo ziliwaingia akina Wright. Kuanzia 1899 wakaanza kulishughulikia jambo la kuruka kwa dhati, na fedha ya majaribio ilitoka dukani kwenye baiskeli. Mwaka 1901 walimwajiri fundi mmoja, Charlie Taylor, aangalie duka wanapokuwa safarini. Ndiye baadaye aliyewatengenezea injini ya ndege, kwa muda wa wiki 6.

Mwisho wa Septemba 1903 walifika Kill Devil Hills, karibu na Kitty Hawk katika jimbo la North Carolina, pwani yenye mchanga na upepo mkali. Ndege yao ilikuwa na injini moja na rafadha mbili, yale mapanga yanayozunguka kuisukuma. Nguvu ya injini ilifika kwenye rafadha kwa minyororo na magurudumu ya meno, jamaa ya ule mnyororo na yale meno ya baiskeli.

Mwanzoni mwa Novemba waliwasha injini. Ilikuwa ikikohoa, haikuzunguka sawasawa, na mishtuko yake ikaharibu shafti za rafadha. Zilirudishwa Dayton kwa Charlie Taylor, akazitengeneza, zikarudi tarehe 20. Wakajaribu tena. Sasa magurudumu ya meno yakawa yanalegea kwenye shafti. Wakazikaza nati. Yakalegea. Wakakaza zaidi. Yakalegea tena.

Fikiri hali yao, msikilizaji. Baridi ilikuwa imeingia. Msimu ulikuwa unakwisha. Mwanasayansi mkubwa wa Washington, Samuel Langley, alikuwa akijaribu ndege yake kwa fedha ya serikali. Na hawa wawili, kwenye kibanda cha mbao, walikuwa wamekwamishwa na nati.

Kilichowaokoa kilitoka dukani. Walikuwa na gundi ngumu ya kubandikia matairi ya baiskeli kwenye rimu. Walivipasha moto vyuma, wakaiyeyusha gundi ndani ya nyuzi, wakafunga tena. Magurudumu ya meno yakashika. (Wewe usiende kumimina gundi kwenye mkono wa pedeli: wako unashikwa na pini, na dawa yake nimekwisha kuitaja.)

Hata hivyo hawakusema basi, imekwisha. Waliendelea kupima na kukagua, na tarehe 28 Novemba wakaona ufa kwenye shafti mojawapo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa huu haukuwa wa kuziba. Shafti zile zilikuwa mabomba, matupu ndani, na zisingeweza kustahimili mishtuko ya injini. Orville akapanda gari moshi kurudi Dayton, akatengeneza shafti mpya za chuma cha springi kilichojaa ndani, akarudi tarehe 11 Desemba. Akiwa njiani alipata habari kwamba ndege ya Langley ilikuwa imeanguka mtoni.

Tarehe 14 Wilbur alijaribu, ndege ikapanda kidogo, ikaanguka na kuharibika kiasi. Tarehe 17 Desemba 1903 ilikuwa zamu ya Orville. Mbele ya mashahidi watano aliruka sekunde 12, umbali wa futi 120, yaani kama mita 37. Siku hiyo waliruka mara nne. Mara ya mwisho Wilbur alikaa hewani sekunde 59, akaenda mita 260. Magurudumu ya meno hayakulegea.

Mgongo mdogo wa mlio nyuma yake

Miaka mitano baadaye, jeshi la Marekani lilitaka kuiona ndege hiyo. Wilbur alikuwa Ufaransa akiwaonyesha watu huko. Orville akaenda peke yake Fort Myer, karibu na Washington.

Tarehe 17 Septemba 1908 aliruka na abiria, Luteni Thomas Selfridge, kijana wa miaka 26. Ndege ilikuwa imefungwa rafadha mpya, ndefu kuliko za awali. Walikuwa wakizunguka juu ya uwanja pale Orville aliposikia mgongo mwepesi nyuma yake. Tok, tok, kitu kidogo tu. Akageuka haraka, hakuona kasoro. Hata hivyo aliamua kuzima injini na kutua.

Hakuwahi. Zikafuata ngurumo mbili kubwa, ndege ikatikisika, ikainamisha pua, ikaanguka. Selfridge alifariki jioni hiyohiyo, akawa mtu wa kwanza kufa katika ajali ya ndege yenye injini. Orville alivunjika paja la kushoto na mbavu. Dada yake, Katharine, aliacha kazi yake ya ualimu akaenda kumuuguza, akakaa naye hospitalini kwa wiki kadhaa.

Na pale kitandani, akiwa amefungwa mguu, Orville aliletewa vipande vya rafadha iliyovunjika avitazame. Alitafuta chanzo kwa utaratibu uleule wa dukani. Ubao mmoja wa rafadha ulikuwa umepasuka, ukapungukiwa nguvu, rafadha ikaanza kutetemeka, ikagonga waya ulioshika usukani wa nyuma, na waya ukatoka mahali pake. Ule mgongo mwepesi ulikuwa mwanzo wa yote.

Baada ya kuujua ugonjwa, walirekebisha. Mwaka 1909 Orville alirudi Fort Myer, uwanja uleule, akiwa bado anachechemea. Tarehe 30 Julai alimaliza majaribio akiwa na abiria mwingine wa jeshi, na jeshi likainunua ndege.

Miaka ya mwisho

Wilbur alifariki kwa homa ya matumbo tarehe 30 Mei 1912, akiwa na miaka 45. Orville aliiuza kampuni yao ya ndege mwaka 1915, na mwaka 1918 akaacha kurusha ndege. Maumivu ya ajali ya Fort Myer yalimfuata maisha yake yote. Hakuoa. Aliishi Dayton, akifanya utafiti katika karakana yake, na akirekebisha kila kitu ndani ya nyumba kwa mikono yake.

Alikuwa na ugomvi mrefu na taasisi ya Smithsonian, iliyokuwa ikitaka Langley ahesabiwe kuwa ndiye aliyetangulia kuunda ndege yenye uwezo wa kuruka na mtu. Kwa hasira aliipeleka ndege ya 1903 London mwaka 1928, ikakaa huko. Ilirudi Marekani mwishoni mwa 1948, lakini mwenyewe hakuwahi kuiona ikirudi.

Mwishoni mwa Januari 1948, akiwa na miaka 76, alishinda asubuhi moja akitengeneza kengele ya mlango wa nyumba yake. Baadaye siku hiyo moyo ulimshika, akafariki tarehe 30. Charlie Taylor, fundi wa lile duka, alifariki tarehe hiyohiyo ya 30 Januari, miaka minane baadaye.

Turudi kwenye kilima chetu

Orville alipousikia mgongo wa Fort Myer alikuwa na sekunde chache tu za kufanya uamuzi, na alikuwa hewani. Wewe na mimi baiskeli inatupa wiki mbili, tatu, na tuko chini ardhini. Tunaweza kushuka wakati wowote.

Kwa hiyo kesho kabla hujafunga gunia, egemeza baiskeli ukutani. Tikisa pedeli. Simama juu ya mikono yake, kisha igeuze usimame tena. Sukuma mkono mmoja ndani na nje ukitazama wa pili. Dakika tatu zinatosha. Ukienda kwa fundi usimwambie akaze tu. Mwambie ni kipi kinachocheza, na umwombe akuonyeshe kabla ya kushika spana.

Hasa kama baiskeli hiyo ndiyo inayompeleka mtoto shule. Yeye atasema inalia kidogo tu. Shuka naye uisikilize.